Masinia ya Etagegn

Etagegn hakufukuzwa kiwandani. Aliondoka mwenyewe, saa nne asubuhi, mashine zikiunguruma. Watu wa mji wetu wa Debre Birhan hupenda kuisimulia vingine, lakini siku ile mimi nilikuwa nauza nyuzi nje ya lango, nikamwona akitoka na aproni yake ameikunja kwapani.

Miaka tisa alikuwa kwenye mashine ya vikombe vya maziwa ya mgando. Bapa la plastiki linapashwa moto mpaka lilegee, kisha mashine inalivuta juu ya kalibu, linapata umbo. Asubuhi hiyo alimwambia msimamizi wake, Bwana Demissew, kwamba upande wa kushoto wa mashine una moto kuliko wa kulia, ndiyo maana vikombe vinatoka vyembamba. Demissew akacheka mbele ya watu.

"Dada yangu, mwanamke analijua joto la mitad tu. La mashine tuachie sisi."

Mitad ni lile bamba la udongo la kuchomea injera, mkate wetu mwembamba wa duara. Etagegn akaivua aproni. Akaenda nyumbani kuitazama mitad yake.

Alikuwa nazo mbili, zote za umeme. Ya jikoni hakuigusa. Ya pili, iliyopasuka ukingoni, akaihamishia bandani. Juu yake, umbali wa shubiri moja, akaweka fremu ya mbao ya kubania bapa. Kalibu akaichonga mwenyewe kwa mti, akaitoboa vitundu kama vya sindano, akaikalisha juu ya sanduku, na kwenye sanduku akaunga mota ya friji bovu ili inyonye hewa. Ndicho kiwanda kizima.

Wiki ya kwanza aliharibu kila bapa. Injera ikiiva hutoa macho, vile vitundu vidogo usoni, na mwanamke wa huku anafundishwa tangu utotoni kuyasubiri. Basi naye akayasubiri. Lakini plastiki ikitoa macho imeshaungua. Inatakiwa kutolewa ikiwa imelegea tu, tumbo limeshuka kidogo katikati, uso bado laini. Aliniambia ilimchukua siku nyingi kuukanya mkono wake mwenyewe.

Akawa anatengeneza vifuniko vya taa za bajaji, herufi za vibao vya maduka, mtu akitaka umbo anaumbiwa. Riziki ya kuokoteza. Mabapa yakaanza kumwishia.

Hapo ndipo wanawake wauza kahawa wa stendi, kama sitini hivi, walipoamua kuwa na masinia ya aina moja, yenye vishimo vya kukalisha vikombe visiteleze. Kazi hiyo ingemweka Etagegn mwaka mzima. Akiikosa, hakuwa na pa kwenda ila lile lango alilotoka. Naye Demissew aliitaka kazi hiyo kwa ajili ya kiwanda, akaanza kuzungusha maneno: yule anachoma plastiki kwenye mitad ya chakula, kahawa ya kwenye masinia yake itawaua. Wanawake wakawa wanapita nje ya ua wake wameziba pua kwa shali.

Jirani yake Zemamnesh akamjia. "Sema umenunua mashine."

"Ninayo."

"Mashine ya kweli, Etagegn! Hiyo ifiche."

"Niifiche kwa nini, nimeiiba?"

Siku ya kuamua wauza kahawa walikutana kwenye ua wa chama cha mazishi, maana pana mabenchi na umeme. Etagegn akaipakia mitad, pamoja na fremu, kalibu na mota, kwenye mkokoteni, hakuifunika hata gunia, akausukuma katikati ya barabara ya soko. Watu wakasimama milangoni. Mimi nikafuata nyuma, sikuwa na kazi ya maana.

Mwenyekiti wao, Mama Aselefech, mdomo wake ni wembe. "Mwanangu, umetuletea chakula?"

"Nimewaletea kiwanda, Mama. Naomba umeme."

Demissew alikuwa ameshafika na sinia lake, jeupe, linang'aa. Akaketi, akakunja nne.

Etagegn akabana bapa. Upepo wa huku unauma, mitad ikachelewa kushika moto, kisha ikashika ghafla. Alipogeuka kuwasha mota, bapa likatoa macho.

"Injera imeiva!" Demissew akapiga makofi. "Leteni mchuzi!"

Ua mzima ukaangua kicheko. Etagegn akalichukua lile bapa baya, akalitundika msumarini pale kila mtu aone.

"Hilo limeungua. Litazameni vizuri. Mimi nikiunguza mnaona. Yeye akiunguza mtaona wapi?"

Kicheko kikapungua. Akabana la pili, safari hii mgongo wake ameuweka upande wa upepo, macho yake hayabanduki kwenye bapa. Tumbo likashuka. Akalibeba, akalilaza juu ya kalibu, mota ikakohoa, plastiki ikajivuta ikashika kila kona kama ngozi ya ngoma. Akalikata kingo, akampa Mama Aselefech, bado lina uvuguvugu.

"Maneno basi," akasema mama. "Tumimine."

Vikombe kumi kwenye sinia la kiwanda, kumi kwenye la Etagegn. Mama akainua birika la udongo juu, akaanza na la kiwanda. Sasa, kahawa huku ikishaanza kumiminwa haikatizwi. Mkondo unatoka kikombe hiki unaingia kile mpaka wa mwisho. Na vishimo vya Demissew vilikuwa vimepangwa kwa nafasi, vidole viwili viwili, nadhifu kabisa. Kahawa ikajaa katikati ya vikombe, ikatiririka mpaka kwenye viatu vya mama.

"Mama, si unyanyue birika kidogo kila kikombe?" Demissew akasema.

"Anyanyue? Kwani anamwagilia vitunguu?" akadakia mmoja wa wanawake.

"Bwana Demissew, umewahi kumimina kahawa wewe?" akauliza mwingine.

"Mimi? Nyumbani kuna wanawake."

Mama Aselefech akahamia sinia la pili. Etagegn alikuwa amechonga kalibu yake kwa kupanga vikombe vyenyewe, bega kwa bega, midomo ikigusana. Mkondo ukapita vyote kumi. Mama akapitisha kidole chini ya vikombe, akakiinua. Kikavu.

"Sitini," akasema. "Na sita ya akiba. Na hiyo mitad yako usije ukaibadilisha."

Watu walipotawanyika Demissew akamsogelea, sauti ameishusha. "Rudi kiwandani, dada. Nitakupa mashine kubwa."

"Upande wa kushoto mlishautengeneza?"

Demissew akainamia sinia lake, akaanza kulifuta kahawa.

"Basi," akasema Etagegn. Akasubiri mitad ipoe, akaipakia. Njia fupi ya kwenda kwake haipiti kiwandani. Akapita kiwandani, mitad wazi juu ya mkokoteni, wakati zamu ya mchana inatoka.