Diski Niliyoibeba Mgongoni kama Mutoto

Nacheka sasa, lakini uso ungali unaniwaka. Mimi ni fundi wa ordinateur, yaani kompyuta, katika biro, ofisi moja ya Goma inayoandika majina ya wakimbizi wa Kibati ili wapate maharagwe. Majina yote yako ndani ya serveur, mashini inayoyatunza. Diski yake niliichagua mwenyewe, ya kuvumilia kazi usiku na mchana, nikajisifu nayo hata kanisani.

Siku milio ya masasi ya bunduki ilipokaribia, umeme ulikatika. Chini ya meza kulikuwa na mashini mbili nyeusi, zote zimezimika. Nikafungua moja mbio mbio gizani, nikang'oa diski, nikaifunga mgongoni kwa kitenge cha bibi yangu ili maaskari wasiichukue. Barabarani wamama walinisifu: "Papa huyu anajua kulea!" Nami nikawa naibembeleza, bila kuifungua hata mara moja.

Wiki mbili baadaye niliingia biro nayo mgongoni, kifua mbele.

"Nimeokoa majina!"

"Majina gani?" akauliza Mama Zawadi, sekretere wetu. "Serveur inatumika siku zote, watu wamekula. Ni ordinateur yangu iliibiwa diski. Tumemusimamisha kazi Muzee Kambale, sentinelle, mulinzi wetu, juu ya hiyo."

Muzee mwenyewe alikuwa mulangoni, amekuja kujitetea. Akanisogelea, akafungua kitenge pole pole, akasoma karatasi iliyobandikwa juu ya diski: Zawadi.

"Papa," akasema, "mutoto umemulea vizuri. Lakini mama yake alikuwa anamutafuta."