Makombo Yana Mwenyewe

Mtu wa kwanza kuniambia kwamba makombo hayana mwenyewe alikuwa amevaa buti mpya, na aliyasema hayo mbele ya mtaa mzima akiwa ameshika kipaza sauti.

Tulikuwa Maisaka, mtaa wetu hapa Babati, kwenye eneo la wazi nyuma ya nyumba zetu. Watoto huchezea mpira pale, na baada ya mavuno sisi wakubwa huanika mbaazi na mahindi. Asubuhi hiyo kulikuwa na turubai, viti vya plastiki vya kukodi na katoni za soda. Kampuni moja ilitaka kujenga hapo mtambo wa kugeuza mabaki ya chakula kuwa gesi na umeme. Wangekusanya mabaki ya mji mzima, kuanzia sokoni, stendi na hotelini mpaka mashuleni, wayaozeshe kwenye matangi, halafu ile gesi tupikie na umeme uwashe taa za barabarani. Picha ya mtambo ilikuwa imebandikwa kwenye ubao: matangi meupe yamezungukwa na nyasi za kijani kuliko hata zetu za masika.

Niliupenda mtambo huo. Nalisema hili wazi kwa sababu baadaye watu walinipa jina la mpinga maendeleo. Nimepikia mkaa maisha yangu yote na najua mapafu yangu yamekula nini. Gesi ya kutoka nyuma ya nyumba yangu nani angeikataa? Lakini kuna jambo lilikuwa linanisumbua, nikanyoosha mkono.

"Hayo makombo ya stendi na hotelini mtayapataje?" niliuliza.

Yule wa buti akatabasamu. "Mama, hizo ni taka. Taka hazina mwenyewe. Tutazizoa tu."

"Zina mwenyewe," nikasema. "Mwenyewe ni mimi."

Watu walicheka. Hata mimi ningecheka kama ningekuwa nimekaa kwenye kile kiti cha wageni. Ila pale mtaani kila mtu alijua ninachosema. Mimi nafuga nguruwe. Kila jioni mimi na jirani yangu, mwanamke aliyehamia Babati kumfuata mume aliyekuwa akihangaika machimboni, tulisukuma toroli letu mpaka stendi. Tulipita kwa mama lishe mmoja baada ya mwingine, tukimaliza tunaingia hoteli mbili za jirani kwa mlango wa nyuma. Tulikusanya ugali uliobaki, wali, maharage, ndizi, mifupa. Nyumbani tulichambua: vijiti vya meno huku, vizibo vya soda kule, mifuko ya nailoni pembeni. Kisha tukachemsha kwenye pipa mpaka yaive, maana makombo mabichi yanaleta magonjwa bandani. Mikono yangu ilinuka kazi hiyo hata kanisani. Watoto wangu wamesoma kwa nguruwe hao, na jirani yangu, baada ya mume wake kwenda machimboni na kutorudi, alikula na kuvaa kwa nguruwe hao hao.

Mwenyekiti wa mtaa, aliyekuwa anaongoza mkutano, akagonga meza. "Mama, tumekusikia. Kaa chini tuendelee."

"Nitakaa nikijibiwa, Mwenyekiti."

"Maswali yatajibiwa mwishoni."

"Basi nitasimama mpaka mwishoni."

Sikujua kama ningeweza. Sauti yangu niliisikia kama ya mtu mwingine. Nikasikia kiti kinasogezwa nyuma yangu. Jirani yangu alikuwa amesimama. Halafu akasimama mama wa nyumba ya kona, ambaye hana hata kuku, na baada yake wengine ambao sikuwategemea. Hatukupiga kelele. Yule wa buti alieleza matangi, mabomba na ajira huku akilazimika kukutana na macho yetu kila anapogeukia upande wetu. Mwisho ulifika, soda zikagawiwa, swali langu halikujibiwa.

Nyumbani nilimkuta baba watoto amenuna. Yeye ni fundi wa kujenga, na alikuwa ameshaambiwa kwamba mafundi wa mtaa ndio watakaochukuliwa kwanza. Kazi ilikuwa haba msimu ule. Alikuwa ameshaosha pimamaji yake na kuiweka juu ya kabati kama mtu anayesafiri kesho.

"Umenitia aibu," alisema. "Unataka niache kazi kwa ajili ya nguruwe?"

"Sijasema uache kazi. Jenga. Mimi nimesema nisiachwe."

"Wewe na wenzako mtawafukuza hawa watu."

"Kama swali moja linawafukuza, walikuwa wageni wa namna gani?"

Alikula, akaondoka, na kwa siku kadhaa tulizungumza habari za chumvi na sabuni tu. Mimi nilikuwa na hasira, lakini pia nilimwelewa. Mwanaume anayeamka asubuhi hana pa kwenda anaumwa ugonjwa usioonekana.

Kisha mapipa yakaja. Hakuna mtaa uliokuwa umekubali kitu, hata jiwe la msingi halijawekwa, lakini jioni moja tulifika stendi na toroli letu tukakuta kila mama lishe amewekewa pipa la bluu lenye mfuniko na kufuli. Yule mama tuliyezoea kuanza kwake, mpika makande maarufu, hakututazama usoni.

"Nisameheni, dada zangu," alisema. "Tumeambiwa mabaki yote humo. Wanasema atakayempa mtu mwingine atatafutiwa sababu ya kuondolewa hapa."

"Nani amesema?"

"Vijana wa kampuni. Na funguo wanazo wao."

Jirani yangu alilipiga teke lile pipa. Lilikuwa tupu, likalia kama ngoma, na watu waliokuwa wanasubiri magari ya Dodoma wakageuka kututazama. Hotelini ikawa hivyo hivyo. Tulirudi na toroli jepesi. Nguruwe wanajua saa zao. Walianza kupiga kelele kabla hatujafungua geti, na kelele za nguruwe mwenye njaa zinaingia mwilini. Tuliwapa pumba na majani ya viazi, haikuwatosha.

Asubuhi iliyofuata sikungoja mtu aniambie cha kufanya. Nilibeba ndoo zangu mbili tupu, nikapita kwa jirani yangu, tukapita kwa wafugaji wenzetu wa Maisaka na wengine wa Bagara ambao nao walikuwa wamekutana na mapipa yale. Tulifika kwenye ofisi ambayo kampuni ilikuwa imepanga karibu na stendi, tukageuza ndoo kichwa chini mbele ya mlango, tukakaa juu yake.

Mlinzi alituuliza tunataka nini.

"Kwenye mkutano tuliambiwa tukae," nikamjibu. "Tumekuja kukaa."

Tulikaa mpaka jua likapanda. Mama mpika makande, aliyeniomba msamaha jana yake, alivuka barabara na chupa ya chai akatumiminia mbele ya macho ya vijana wale wa funguo. Alikuwa anaogopa, chai kidogo ikaniangukia kwenye kitenge, lakini alimimina. Baada yake wakaja mama lishe wengine wawili, wakasimama na aproni zao.

Hatimaye alitoka meneja wa mradi, msichana mdogo kwangu, amefunga nywele nyuma.

"Shikamooni, mama zangu."

"Marahaba." Tuliitikia wote. Hasira tulikuwa nayo, lakini hatukuwa tumekosa adabu.

"Mngenipigia simu tu."

"Makombo yetu hamkuyapigia simu," alisema jirani yangu.

Meneja akatukaribisha ndani. Tukakataa, tukamwambia akae nasi pale nje. Akaagiza kiti, kikachelewa, akakaa juu ya ndoo ambayo mama mmoja alimsogezea. Pale pale barabarani tulikubaliana mambo mawili: makufuli yatoke siku hiyo, na mkutano uitishwe upya, jioni, saa ambayo wanawake wametoka sokoni. Makufuli yalitoka. Niliwaona kwa macho yangu wakiyafungua.

Mkutano wa pili ulijaa hadi watu wakakaa juu ya ukuta wa nyumba ya karibu. Yule wa buti ndiye aliyeanza. Alisema kampuni imesikia kilio cha Maisaka na imeamua kuuhamishia mtambo Bonga, nje kidogo ya mji. "Huko watu hawana maneno mengi," alimaliza.

Watu walipiga makofi, maana siku zile hofu ya harufu ilikuwa imeshaenea mtaani. Wengine walipiga vigelegele. Jirani yangu alinikumbatia, machozi yanamtoka. Nami nilikuwa nimefungua mdomo nishangilie, lakini nikaufunga. Nikasimama tena.

"Watu wa Bonga nani kawauliza?"

Jirani yangu akanivuta kitenge. "Kaa, dada. Tumeshinda."

"Hatujashinda. Mtambo ukienda Bonga, makombo yatazolewa stendi ile ile. Na harufu tunayoikataa hapa, tunawapelekea wenzetu, nao wana pua."

"Sasa wewe unataka nini?" alipaza sauti mwanaume mmoja kutoka nyuma. "Usipopewa unalia, ukipewa unalia!"

"Nataka tuulizwe," nikasema. "Sisi na wao."

Nilizomewa. Ndiyo, na watu wangu mwenyewe, watu niliosimama nao wiki chache kabla. Nilitamani ardhi ya uwanja ule ipasuke, lakini sikukaa. Aliyeniokoa alikuwa meneja. Alimwomba yule wa buti kipaza sauti, akageuka kwangu.

"Mama, mavi ya nguruwe wenu huwa mnayapeleka wapi?"

Mtaa mzima ukaangua kicheko, mimi pia. Nilimwambia ukweli, kwamba tunayarundika pembeni ya shamba na majirani wanatutukana kila mvua ikinyesha. Akasema mtambo unayahitaji hayo kuliko hata ugali. Kutoka hapo mazungumzo yakawa mazungumzo. Yalichukua mikutano mingine ambayo sitaieleza yote, yenye kugombana na kususa. Mwisho tulikubaliana kwamba chakula cha sahani kitabaki kwa wafugaji. Mtambo utachukua mboga zilizooza sokoni, maganda na mavi ya mabanda yetu. Utakuwa mdogo kuliko ule wa kwenye picha, na utakaa mwisho kabisa wa eneo, kwenye mteremko, ili uwanja wa watoto ubaki. Magari hayatapita mtaani, na taka haitalala nje bila kufunikwa. Wakazi tutachagua wenzetu wa kuingia na kukagua wakati wowote. Nilichaguliwa mimi, kwa tofauti ya kura chache mno.

Ila nyumba iliyo karibu na mteremko ule ni ya jirani yangu.

Alinijia jioni ya siku ile maamuzi yalipopitishwa. Hakuingia ndani, alisimama mlangoni.

"Umebaki na makombo yako," aliniambia. "Mimi nimebaki na mtambo. Ulikuwa umeshaondoka, ukaurudisha."

Nilimwambia kuhusu Bonga, kuhusu makubaliano, kuhusu kufunikwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sikuwa Bonga. Mimi nilikuwa nyuma yako, nimesimama," akasema, akaondoka.

Hilo liliniuma kuliko kuzomewa. Ningefanya vile vile tena, na bado linaniuma. Tangu siku hiyo alibeba ndoo zake peke yake, akipita barabara nyingine.

Ujenzi ulianza na baba watoto akaajiriwa. Aliishusha pimamaji yake kutoka juu ya kabati bila kuniambia neno, lakini jioni ya kwanza alirudi na vumbi la saruji kwenye nyusi, akaniletea nyama. Nilijua maana yake.

Matangi yalipoanza kazi, kwa muda kila kitu kilikwenda walivyoahidi. Halafu asubuhi moja gari lilimwaga kabichi na nyanya zilizooza nje ya banda la kupokelea, likaondoka. Harufu ilinikuta nyumbani. Nilifunga kitenge, nikatelemka haraka mpaka getini, nikamkuta jirani yangu ameshafika, anabishana na mlinzi. Tulitazamana. Nzi walikuwa wameshavamia nyumba yake. Niliwaona kwenye kamba ya nguo.

"Haruhusiwi mtu kuingia," alisema mlinzi, kijana mgeni. "Rudini, nitawaambia wakubwa."

"Mimi ni mkaguzi wa wakazi."

"Sina taarifa hiyo, mama."

"Sasa unayo," alisema jirani yangu, akashika nondo za geti kwa mikono miwili. Nami nikashika zangu, kando ya zake.

Baba watoto alikuwa ndani anapiga lipu ukuta wa stoo. Alisikia sauti, akaja na mwiko mkononi. Nilifikiri atanitazama kama siku ile ya mkutano.

"Fungua, kijana," akamwambia mlinzi. "Hawa hawarudi nyumbani. Mmoja wao naishi naye, namjua."

Geti likafunguliwa. Tulikwenda moja kwa moja kwenye lile rundo, tukasimama mbele yake kwenye maji ya nyanya, tukamwita meneja kwa simu. Alikuja, akaomba radhi, akaita vijana na makoleo. Walizoa, wakaosha sakafu, wakafunika. Ilichukua muda mrefu na hakuna aliyetuletea kiti.

Walipomaliza, meneja alijifuta jasho. "Mama zangu, sasa mmeridhika?"

Nilitaka kusema ndiyo. Nilikuwa nimechoka na miguu inawaka. Jirani yangu alitangulia kujibu, bila kunitazama, lakini akiwa amesimama karibu kiasi kwamba bega lake liligusa langu.

"Bado," alisema. "Tunasubiri tuone gari linalofuata litamwaga wapi."

Tukasubiri.