Hedimasta wa Mto Chania

Enzi zetu, likizo ya Agosti haikuhitaji mipango mingi wala intaneti. Mama alitutuma tu, mimi na kaka yangu Kariuki, kutoka Murang'a hadi kwa nyanya yetu huko Tetu, kila mmoja na sweta mbili kwa sababu ya ukungu. Cucu, kama tulivyomwita, alitupokea kwa viazi vya kuchoma na kazi tele: majani ya ng'ombe, maji, kuni. Tukimaliza, tulikuwa huru mpaka jioni. Uhuru huo ndio ulionitia wazimu wa samaki.

Chini ya shamba, Mto Chania ulipinda ukafanya kidimbwi chenye maji baridi ya kuuma meno. Humo alikaa trauti mmoja mkubwa, mgongo wa madoadoa, ambaye Kariuki alimbatiza Hedimasta kwa jinsi alivyotupita taratibu akitukagua. Siku nilipomwona nilisahau kula. Nikakata mwanzi, nikafunga uzi wa kushonea magunia, nikakunja pini ikawa ndoano, nikachimba nyungunyungu nyuma ya zizi. Nikaapa mbele ya watoto wote wa jirani kwamba shule zikifunguliwa Hedimasta atakuwa ameshatoka majini.

Lo, alinifanyia vituko! Alikula nyungunyungu akaniachia pini safi. Nikajaribu ugali, nikajaribu panzi, nikajaribu hata mandazi, halafu kwa hasira nikayala mwenyewe. Kanisani, wakati wa maombi, mkono wangu ulikuwa ukivuta uzi usiokuwepo, mpaka Cucu akanifinya.

"Wewe Nyambura, hiyo nyoka ya maji imekuroga," alinionya tukirudi. "Na ukiishika, isikanyage kwa nyumba yangu!"

Kwa Cucu na wazee wengi wa huko, samaki hakuwa chakula. Mimi nilitaka mambo mawili tu duniani: nimnase Hedimasta, na Cucu akiri kwa kinywa chake kwamba nimeweza.

Jumamosi ya mwisho ya likizo, manyunyu yakianguka, uzi ulikazika ghafla. Nikapiga mayowe. Mwanzi ukavunjika, nikauzungusha uzi mkononi, Kariuki akanishika kiuno, tukavutana na yule mzee mpaka akafika maji ya kina kifupi. Hapo nikamrukia kwa tumbo, nikamkumbatia, nikamfunga kwa sweta. Tulipanda kilima tumelowa chapachapa, tukicheka kama walevi.

Cucu aliona sweta ikitikisika, akajisimamisha kwenye mlango wa jikoni. "Sufuria zangu hapana!"

Tukapewa debe la kuchemshia viazi vya nguruwe, tukawasha moto uani. Sasa, boma zima halikuwa na mtu aliyejua kupika samaki. Nyama tuliyoijua sisi ni ya mbuzi mzee. Cucu akashika uongozi kutoka pale pale mlangoni.

"Ati imeiva? Bado! Nyama inachemka mpaka jioni. Ongezeni kuni!"

Tukaongeza. Tulichochea tangu mchana mpaka ng'ombe wakakamuliwa. Tulipofunua debe, Hedimasta hakuwemo. Kulikuwa na miiba na supu.

Niliketi chini nikaangua kilio. Nani angeniamini sasa? Cucu akanitazama, akaingia ndani, akatoka na chumvi na kikombe chake cha chai. Akachota supu, akanywa, huku akitemea kuku miiba. Kisha akaninyooshea kikombe.

"Umeshika kitu kubwa, Nyambura. Niwekee ingine."

Kariuki alicheka mpaka akaanguka, nami nikacheka na machozi yangu usoni.

Watoto wa siku hizi chakula chao hupigwa picha kwanza. Juzi niliwapeleka wanangu hoteli moja ya Naro Moru, wakaletewa trauti mwenye ndimu mdomoni. Alipigwa picha kila upande kama bwana harusi, akapoa kabisa. Nikawasimulia habari za Hedimasta. Binti yangu akauliza picha yake iko wapi, na kama haipo, nani atathibitisha alikuwa mkubwa. Nikamtaja mjomba Kariuki. Wakacheka, ati huyo tumepanga naye.

Shahidi wa kweli alikuwa Cucu, na tulimzika Tetu miaka mingi iliyopita. Nikaanza kula trauti wangu, mtamu, laini, aliyepikwa kwa dakika chache tu kama inavyotakiwa, nikamkumbuka Cucu, nikautema mwiba kando ya sahani kana kwamba kuku wake wangali pale.