Kila mwaka "gesi imeisha": kompresa ya AC ilivyotaka kutuacha porini na mama

Wakuu, salaam kutoka Songea. Ninachoandika hapa kimenitokea mwenyewe, sijasimuliwa na mtu, na chumvi sitaongeza.

Mimi ni mama wa watoto, naishi Mjimwema, nina kigari saloon cha zamani kuliko ndoa yangu. Wale wa "dada uza hilo gari" naomba mkae pembeni kidogo, leo hatuuzi kitu.

Mnaoijua Songea mnajua AC huku siyo habari. Miezi ya baridi mtu anaendesha na sweta. Mume wangu ndiyo kabisa, anasema upepo wa Mungu upo bure, shusha kioo.

Kwa hiyo AC inalala miezi na miezi, tunaikumbuka joto la Oktoba likianza. Ukiiwasha inatoa vuguvugu. Unaenda kwa fundi, anakwambia neno moja tu: gesi imeisha. Anajaza, inapoa, maisha yanaendelea. Mwaka unaofuata ni yaleyale.

Sasa safari hii kulikuwa na mama.

Mama yangu anaishi Tunduru, ana shamba la mikorosho. Alikuja kwangu kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho lake lingine lilikufa siku nyingi, kwa hiyo hili lililopasuliwa ndilo pekee alilobaki nalo, na lenyewe lilishafunga ukungu siku nyingi. Upasuaji ulienda salama, Alhamdulillah, lakini daktari akakaza: vumbi hapana, upepo hapana.

Na korosho zilishaanza kudondoka. Mama hakai, hatulii, kila asubuhi ni "tunaondoka lini?"

Nikajipa moyo kwamba tutafunga vioo vyote, tutawasha AC, tutafika. Nikaijaribu. Vuguvugu. Halafu nikiibonyeza injini inazama, na mbele huko kunasikika kama mtu anasaga mahindi.

Nikapitia Bombambili kwa fundi wetu, nimwite kaka Komba. Mama alikuwa kiti cha nyuma na miwani yake nyeusi, tunatoka kliniki.

Komba hata boneti hajafungua, akaniambia: "Gesi imeisha hiyo, mama Zuhura."

Mama akauliza kutoka nyuma, "Imeisha? Kwani mnapikia?"

Tulicheka jamani! Komba akamweleza kwa adabu, "Hapana mama, hii ni ya kupoza tu."

"Haya. Sasa kama haipikiwi, inaishaje?"

Komba alikuwa ameshashika kopo la gesi mkononi.

Wakuu, neno ndilo lililotupoteza. Tunaita gesi, tunasema imeisha, basi kichwani tunaona mtungi wa jikoni. Kumbe ile inazunguka tu ndani ya mabomba, haichomwi wala hailiwi. Ikipungua ujue imetoka mahali. Na sisi miaka yote tunajaza tu, hakuna aliyeuliza inakwenda wapi.

Komba siyo fundi mbaya, ila mazoea yanatulaza wote. Siku hiyo aliweka kopo la gesi chini, akaanza upya.

Kwanza alinikalisha kwenye usukani niwashe AC na kuzima. Nikiwasha, klachi ya kompresa, ile pampu inayosukuma gesi, inashika, "tap", na feni ya mbele inazunguka. Maana yake umeme unafika. Ule mlio ukaja AC ikiwaka tu, nikizima unapotea. Akasema kama ungekuwepo muda wote tungeshuku beringi ya puli, lile gurudumu la mkanda. Huu ulikuwa unatoka tumboni mwa kompresa yenyewe.

Akamulika tochi. Uso wa kompresa ulikuwa na tope la mafuta na vumbi, na sehemu nyingine zote kavu. Akapaka povu la sabuni pale shafti inapotokea. Mapovu yakaanza kuvimba taratibu, kumbe gesi inatokea hapo.

Ndipo akaazima geji za presha kwa jirani yake. Zina mishale miwili, mmoja unasoma upande wa gesi inayorudi, mwingine upande inaposukumwa. Kwenye AC isiyo na tatizo mmoja unashuka, wa pili unapanda juu sana. Yangu nilikanyaga mafuta mpaka mama akalalamika, mishale bado imekaribiana. Pampu imechoka, inasukuma kidogo tu.

Mwisho akafungua bomba, akadondosha mafuta ya kompresa kwenye kitambaa cheupe. Meusi, na ndani yake vichuma vinametameta.

"Nikikujazia leo utaondoka hapa na ubaridi kidogo," akasema. "Lakini kompresa ikikaba njiani, ikagoma kuzunguka, mkanda unakatika. Na mkanda wako ni mmoja huohuo, unazungusha mpaka pampu ya maji ya kupoza injini."

Baada ya Namtumbo kuna kipande ni pori tu, mnakijua. Nikamwona mama amekaa kando ya barabara, vumbi la malori linampiga kwenye jicho lile moja.

Nikamwambia Komba safari imeahirishwa. Mama alininunia mpaka kompresa nyingine ilipofika na basi kutoka Dar. Ni used, lakini imepimwa. Komba akasafisha mabomba yote ili vile vichuma visiiue na hii, akabadilisha kichujio, akatia mafuta mapya, akavuta hewa yote ndiyo akajaza gesi. Mara moja, na mpaka leo haijapungua.

Nilichojifunza: ukiambiwa imeisha, uliza imetokea wapi, na usikubali kujaziwa kabla hujajibiwa. Na sisi wa mikoa ya baridi tuwe tunaiwasha dakika chache kila wiki hata kama tunatetemeka, maana mafuta ya kompresa yanatembea na gesi. Ikilala sana sili, zile pete za mpira, zinakauka, ndiyo pa kuvujia hapo.

Wataalamu wa AC mnikosoe nilipoteleza. Na kama kuna mtu hapa kompresa ilimkabia njiani, atuambie alitokaje.

Safari yenyewe? Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri. Jua likakaza, vioo juu, ndani pametulia kabisa hakuna hata chembe ya vumbi. Mama akavua miwani. Akaangalia miti, akaangalia watu barabarani. Halafu akanigeukia mimi, akaniangalia muda mrefu mpaka nikaona aibu.

"Kumbe na wewe una mvi, mwanangu."

Nikamwambia ni siku nyingi, mama.

"Mbona hukuniambia?"

Ilibidi nipaki pembeni kidogo.