Kofia Kwenye Ngazi

Mafundi walimwita Tikisa, na jina lilimkaa. Kila asubuhi, kabla mtu hajakanyaga jukwaa la ujenzi, alishika mrunda mmoja mmoja uliolibeba akautikisa, akavuta kila fundo la kamba, akapiga mbao kwa kisigino. Akiridhika, alitundika kofia yake kwenye ngazi. Kofia ipo, pandeni. Haipo, hata mwenye nyumba angesubiri chini.

"Tikisa, leo umemtikisa na mkeo?" walimtania.

"Chekeni tu. Huku chini hakuna godoro."

Miaka kumi na tisa, hakuanguka mtu. Ndiyo maana mkewe alimletea mdogo wake wa pekee, mwashi kijana. "Nakukabidhi," alimwambia. "Sina mwingine."

"Kwangu mimi huyu ataanguka kitandani tu," Tikisa akajibu. Jamani, mdomo huponza kichwa!

Siku yenyewe ilianza kwa mvua. Tikisa alitikisa kama kawaida, na kule juu kabisa akakuta fundo limelegea. Akashuka kutafuta kamba mpya. Kofia ilikuwa chepechepe, maji yanamwingia machoni. Akaivua, akaikamua, akaitundika palipokuwa karibu na mkono ili ichuruzike maji, akazunguka nyuma ya nyumba.

Palipokuwa karibu na mkono ni kwenye ngazi.

Shemeji yake akafika, akaiona kofia, akapanda huku anapiga mluzi. Tikisa, kamba mkononi, alisikia mluzi umekatika.

Kijana hakufa. Alivunjika uti wa mgongo, na sasa analala sebuleni kwa Tikisa, miguu haina habari naye. Dada yake anamgeuza, anamwosha. Naye Tikisa, mkewe anamwekea chakula mezani bila kumtazama. Afadhali angemtukana. Mafundi walikuja wakasema ni ajali, kazi ya Mungu, na Tikisa akaitikia kwa kichwa. Kazi ya Mungu! Mungu ndiye aliyekamua kofia? Tangu siku hiyo hajarudi kazini, na habari ya kofia hajamwambia mtu.

Jana mgonjwa alimwita.

"Shemeji, dada anadhani nilipanda kwa ukaidi wangu. Mwambie. Mimi kofia niliiona." Akageuza shingo kumtazama. "Si ulikuwa umeshakagua?"

Mkewe alikuwa amesimama mlangoni na beseni la maji, anasubiri jibu. Tikisa akaitazama ile miguu chini ya shuka.

"Nilikagua," akasema. "Palikuwa salama."