Sifuri Niliyoiomba Mwenyewe

Tulikuwa chini kwenye duara, shimo letu la dhahabu, tukasikia filimbi ya kulipua. Shija akaacha kugonga mwamba, akaniangalia.

"Kaka, si wanajua tuko huku?"

Nikamwambia wanajua. Nilimdanganya! Pale pale nilishaelewa kwamba simu huko juu imewaambia hakuna mtu, na aliyetaka iseme hivyo ni mimi. Tulipiga kelele. Nani atakusikia kutoka kule?

Shija alikufa. Mimi nilitolewa nimebaki na mguu mmoja. Kosa ni langu, ila si langu peke yangu, na leo nawataja.

Nirudi nyuma kidogo. Nilikuwa msimamizi wa duara moja huku Geita. Shule niliiacha mapema, nikatoka kwetu Ushirombo kutafuta dhahabu. Mgodini petu kila anayeshuka anaacha kandambili zake mdomoni mwa duara. Kabla ya kuwasha baruti unaziangalia. Zikiwepo, huwashi. Hata wezi hawakuzigusa, na wezi tulikuwa nao!

Mwenye duara, Magembe, akamleta Fadhili, mtoto wa dada yake aliyesomea kompyuta Mwanza. Akatengeneza programu ya simu ya kuonyesha nani yuko wapi chini. Kijana wa adabu, shikamoo kila asubuhi. Akanieleza kwamba ni kamusi ndani ya kamusi. Unafungua ya duara, ndani unakuta ya ngazi, ndani yake ya njia, na humo ndiyo majina.

"Kumbe masanduku," nikasema.

"Hayo hayo, Baba Kabula."

Mwanzoni programu ilikuwa inaanguka. Ukiuliza njia ambayo Fadhili hajaiingiza, inakosa sanduku la katikati, inajifunga yote na maandishi mekundu. Kazi inasimama. Dotto, mlipuaji wetu, ananipigia kelele mbele ya watu, "Msimamizi, simu yako imepandisha mashetani tena! Iletee ubani!" Wanacheka mpaka wanakaa chini. Magembe naye anapiga simu, mawe yako wapi. Nikachoka jamani!

Nikamwita Fadhili. Nikamwambia fanya isianguke.

"Inawezekana. Kila hatua naiambia, ukikosa sanduku shika tupu uendelee. Mwisho ukikosa majina, sema sifuri. Ila Baba Kabula, hapo hutajua kama kweli hakuna mtu, au njia yenyewe haimo. Bora iseme 'sijui', halafu mkaangalie wenyewe."

"Simu ya kusema sijui ya kazi gani? Dotto si ataniimba! Weka sifuri, ng'wana wane."

Mwanangu, nilimwita. Akaangalia chini, akaweka.

Ikawa raha. Haikuanguka tena. Dotto akakosa la kusema. Magembe akatangaza kwamba kuangalia kandambili ni ushamba, sasa tuna simu. Watu wakaendelea kuziacha pale kwa mazoea tu.

Asubuhi ile mwamba ulionyesha dalili nzuri pembeni. Nikamchukua Shija tukafungua njia mpya. Kuingiza njia kwenye programu alijua Fadhili peke yake, naye alikuwa Nyahanga kwenye msiba. Nikasema ataiingiza akirudi. Nilisema hivyo mimi, msimamizi! Zamu ya juu ikabadilika. Waliokuja hawakutuona tukishuka.

Dotto alikuja kuniona Kolandoto nilikolazwa. Alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Kaka, nilisikia mmefungua njia mpya. Nikaiuliza simu. Ikaniambia sifuri."

"Kandambili uliziona?"

"Niliziona. Nikadhani mlizisahau."

Eti tuliondoka peku peku wote wawili, tukazisahau! Mtu mzima, akasema hivyo! Nilitaka nimtukane. Nikawa naangalia dripu inavyodondoka. Mpaka leo niko hivyo hivyo. Sijalia.

Ninyi mnaotengeneza hizi programu, na ninyi wasimamizi mnaowaagiza, nisikilizeni. Kitu kisipopatikana, programu iseme hakijapatikana. Isianguke, sawa, lakini isijibu kama imeona wakati haikuona. Mimi niliogopa kuchekwa. Sasa nani ananicheka?

Magembe anasema ni ajali, kazi ya Mungu. Mungu ndiye aliyesema kandambili ni ushamba? Fadhili amebadilisha namba. Fadhili, hatari uliijua kuliko sisi wote, mbona ukaiweka kimya kimya, hata Dotto hukumwambia sifuri ile maana yake nini? Dotto, wewe macho unayo.

Mke wa Shija, Mama Neema, huja kunisalimia. Anakaa kwenye kigoda, anauliza swali moja tu, "Shemeji, viatu vyake hawakuviona?"

Nimemwambia neno langu la sifuri. Alinisikiliza, akaondoka bila kuaga, na wiki iliyofuata akarudi akauliza vile vile. Hilo la viatu si langu kulijibu. Magembe, Dotto, Fadhili, nyumba yake mnaijua. Nendeni mkamjibu!