Umetoka Vizuri

Hapa hospitalini tunamwita Fundi Mifupa. Miaka ishirini na sita amepiga watu eksirei kwa maneno yale yale: "Kidevu juu. Mabega mbele. Vuta pumzi, ibane... haya, pumua." Siku hizi huyasema magoti yakimuuma, na aproni ya risasi ya kuzuia miale imemwelemea kama gunia la saruji. Mashine mpya tumeahidiwa mpaka tumechoka kuahidiwa.

Mimi naandikisha wagonjwa mlangoni, kwa hiyo namjua. Mtu akishapigwa picha humkodolea macho Fundi, amsome usoni. Na Fundi haruhusiwi kusema kitu. Majibu ni ya daktari. Basi akajitungia kinga. Mzima au mahututi, kila mmoja humwambia, "Umetoka vizuri. Daktari atakueleza." Watu hucheka, wakaenda zao. Ni uongo? Mimi naona ni huruma iliyochoka.

Jumatatu akaja mkewe na karatasi ya daktari. Alikuwa amekohoa miezi mitatu, na Fundi alikuwa akimwambia ni vumbi tu.

"Mganga hajigangi," nikamwambia Fundi. "Mwachie mwenzako ampige shemeji."

"Nimepiga nusu ya mji huu, nishindwe na mke wangu?"

Nilikuwa nimempelekea karatasi za wagonjwa nyuma ya kioo chake cha kinga picha ya shemeji ilipotokea. Juu ya pafu la kulia palikuwa na doa jeupe, kubwa kama ndimu. Sikusomea kazi ile, lakini macho ninayo. Fundi akavua miwani, akaipangusa kwa koti, akaivaa tena. Doa lilikuwa palepale.

Akatoka, akasimama mbele ya mkewe.

"Umetoka vizuri," akasema. "Daktari atakueleza."

Shemeji hakucheka. Alikuwa akifunga vifungo vya blauzi, akaviacha.

"Baba Mapacha, tangu unioe hujawahi kunisifu, hata siku ya harusi ya binti yetu niliyoshinda kwa msusi tangu alfajiri. Leo ndiyo nimetoka vizuri?"

Fundi akamsogelea. Akavua ile aproni, akaiacha ianguke sakafuni, akapiga goti lake bovu na kuanza kumfunga vifungo vilivyobaki, kimoja kimoja.

Nje kulikuwa na foleni ya watu kumi na saba. Nikaenda kuwaambia mashine imeharibika. Walinung'unika, lakini hakuna aliyeshangaa.